Jeti ya Chembe Inapopenya Plazma: Mwongozo Kamili wa Kukadiria Nishati Inayopotea

Mnamo Novemba 2010 kichapuzi cha LHC, kilichojengwa chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kiligonganisha viini vya madini ya risasi kwa mara ya kwanza. Katika baadhi ya migongano iliyonaswa na kitambuzi cha ATLAS, upande mmoja ulisimama mnara wa nishati uliozidi GeV 100 (gigaelektronivolti, yaani elektronivolti bilioni 100). Upande wa pili, mahali ambapo sheria ya kuhifadhi momenta inadai kuwepo mnara wa kuulingana nao, palikuwa na vilima vifupi vilivyotapakaa. Mwanafizikia James Bjorken alikwisha kuliwazia jambo hilo mwaka 1982, alipoandika kwamba jeti mbili, yaani mifoko miwili ya chembe, zikizaliwa karibu na ukingo wa eneo la mgongano, moja inaweza kuchomoka salama na nyingine ikamezwa.

Mwongozo huu unaonyesha hatua kwa hatua jinsi nishati hiyo inayopotea inavyopimwa, inavyokadiriwa na inavyotafutwa mahali ilipokwenda. Msomaji anahitaji kalamu, kikokotoo na msingi wa fizikia ya mwaka wa kwanza wa chuo. Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo, kwa sababu nimeliona likiwapotosha wanafunzi wenye bidii: idadi ya jeti iliyopungua si sawa na nishati iliyopotea. Kati ya mambo hayo mawili kuna hesabu, na asiyeifanya hesabu hiyo atasoma kila mchoro wa fani hii vibaya.

Hatua ya kwanza: jua kinachogongana na kinachozaliwa

Kiini cha risasi kina protoni 82 na neutroni 126, yaani nukleoni 208, na nusu kipenyo chake kinakaribia femtomita 7. Huko Brookhaven, katika kisiwa cha Long Island nchini Marekani, kichapuzi cha RHIC kilianza kugonganisha viini vya dhahabu, vyenye nukleoni 197, mwaka 2000, na baadaye kikafikia nishati ya GeV 200 kwa kila jozi ya nukleoni. LHC ilianza na TeV 2.76 mwaka 2010 na kupanda hadi TeV 5.02 mwaka 2015. Viini viwili vikikutana uso kwa uso kwa nishati kama hizo, protoni na neutroni huyeyuka, na kwaki (chembe zinazoziunda) na gluoni (chembe zinazozishikanisha kwaki) zilizokuwa zimefungwa ndani yake huwa huru kwa muda mfupi katika kimiminika kinachoitwa plazma ya kwaki na gluoni. Hali hiyo huanza joto linapozidi takriban MeV 155, sawa na kelvini trilioni 1.8, ambayo ni zaidi ya mara laki moja ya joto la kitovu cha Jua. Plazma hiyo huishi kwa muda ambao mwanga hutumia kusafiri femtomita 10 hivi, kisha hupoa na kugeuka kuwa chembe za kawaida.

Kabla plazma haijajikusanya, mara chache hutokea kwaki au gluoni mbili zikagongana kwa nguvu na kurushwa pande mbili zilizoelekeana. Hakuna kitambuzi kinachoweza kuiona kwaki peke yake. Kinachoonekana ni jeti, yaani mfoko mwembamba wa chembe nyingi zinazoelekea upande mmoja, mfano wa maji yanayofoka kutoka kwenye mpira uliobanwa kwa kidole. Thamani ya jeti inatokana na wakati wake wa kuzaliwa: inazaliwa mapema kuliko plazma, inalazimika kuipenya, na inatoka ikiwa na alama za safari hiyo.

Kipimo tutakachokitumia kila mara ni momenta ya mkingamo, yaani ile sehemu ya momenta inayokaa kwa pembe mraba na mstari wa miale ya kichapuzi. Kabla ya mgongano sehemu hiyo ni karibu sifuri, kwa hiyo yote inayoonekana baadaye ni zao la mgongano wenyewe.

Hatua ya pili: hesabu migongano iliyo ndani ya mgongano

Huwezi kusema jeti zimepungua kabla ya kujua zilitarajiwa ngapi. Mgongano wa viini viwili vya risasi ni mkusanyiko wa migongano mingi midogo ya nukleoni kwa nukleoni, na idadi yake hutegemea kama viini vilikutana katikati kabisa au vilipitana kwa pembeni. Idadi hiyo hukadiriwa kwa modeli ya Glauber: nukleoni zinapangwa ndani ya kila kiini kwa bahati nasibu kufuatana na msongamano unaojulikana, viini vinapishanishwa kwa umbali mbalimbali, na kila jozi ya nukleoni iliyosogeleana vya kutosha inahesabiwa kuwa imegongana. Kwa asilimia 5 ya migongano iliyo ya katikati zaidi, katika TeV 5.02, hesabu hiyo inatoa migongano midogo inayokaribia 1,700 au 1,800.

Umbali huo wa kupishana haupimwi moja kwa moja. Hukadiriwa kutokana na wingi wa chembe zilizozaliwa: mgongano wa katikati hutoa chembe nyingi, ule wa pembeni hutoa chache. Hivyo unapoona mchoro umeandikwa asilimia 0 hadi 10, elewa kwamba ni ile sehemu ya kumi ya migongano yenye chembe nyingi kuliko zote.

Hatua ya tatu: tengeneza uwiano RAA

Chukua idadi ya jeti, au ya hadroni (chembe zilizoundwa kwa kwaki, kama pioni), zilizopatikana katika migongano ya viini kwenye momenta fulani ya mkingamo. Igawanye kwa idadi iliyopatikana katika migongano ya protoni kwa protoni ya nishati ileile, baada ya kuizidisha kwa idadi ya migongano midogo uliyoipata katika hatua ya pili. Jibu ndilo RAA. Kama kiini kingekuwa gunia tu la nukleoni zisizoathiriana, RAA ingekuwa 1.

Matokeo hayakuwa 1. Katika RHIC, pioni zisizo na chaji kutoka migongano ya katikati zilitoa RAA ya takriban 0.2, pungufu ya mara tano. Katika LHC, kitambuzi cha ALICE kilipata mwaka 2010 kwamba RAA ya chembe zenye chaji hushuka hadi kama 0.14 karibu na GeV 6 au 7, kisha hupanda polepole kadiri momenta inavyoongezeka. Kwa jeti kamili za karibu GeV 100, ATLAS ilipata kiasi kinachokaribia nusu, na hata kwenye mamia ya GeV RAA haikurudi kwenye 1.

Hatua ya nne: kagua vidhibiti kabla ya kuilaumu plazma

Hatua hii hurukwa na wengi, na kwangu ndiyo inayompambanua mpimaji mwaminifu. Upungufu ungeweza kutokana na sababu nyingine mbili. Huenda hesabu ya Glauber ina makosa, au huenda kiini chenyewe, hata kabla ya mgongano, kina gluoni chache kuliko tunavyodhani.

Sababu ya kwanza hupimwa kwa chembe zisizoguswa na nguvu kali, ile inayofunga kwaki pamoja. Fotoni (chembe ya mwanga) inayozaliwa moja kwa moja katika mgongano mkali hupenya plazma bila kuijali. Kitambuzi cha PHENIX cha RHIC kiliona RAA ya fotoni hizo ikikaa karibu na 1, na katika LHC bosoni za Z na W, chembe nzito zinazobeba nguvu dhaifu, zilionyesha tabia hiyohiyo. Hesabu ya migongano, basi, ilikuwa sahihi.

Sababu ya pili hupimwa kwa kugonganisha kiini kikubwa na kitu kidogo. Mwaka 2003 RHIC iligonganisha deutroni (kiini chenye protoni moja na neutroni moja) na dhahabu. Viini vya dhahabu vilikuwa vilevile, ila plazma kubwa haikuwepo. Upungufu ulitoweka, na jeti ya upande wa pili, ambayo katika dhahabu kwa dhahabu ilikuwa imepotea machoni mwa kitambuzi cha STAR, ikarudi mahali pake. Sijui jaribio jingine katika fani hii lililojibu swali zito kwa uwazi kama huo. Nawashauri wanafunzi waiangalie michoro ya mwaka huo kabla ya kugusa nadharia yoyote.

Hatua ya tano: geuza upungufu kuwa nishati

Sasa tunafika kwenye hesabu niliyoitaja mwanzoni. Msomaji akiona RAA ya 0.2, hushawishika kusema kwamba chembe zimepoteza asilimia 80 ya nishati, au kwamba chembe nne kati ya tano zimemezwa. Yote mawili si sahihi.

Idadi ya chembe huporomoka kwa kasi kubwa kadiri momenta inavyopanda. Katika RHIC, ukihesabu chembe katika kila kipande cha momenta chenye upana sawa, idadi hupungua kama momenta iliyopandishwa kwenye kipeo hasi cha takriban 7. Katika mteremko mkali kiasi hicho, kila chembe ikirudi nyuma hatua ndogo tu, mahali ilipokuwa hujazwa na chembe za juu yake, ambazo ni chache mno. Ndiyo maana hasara ndogo ya nishati huonekana kama upungufu mkubwa wa idadi.

Tufanye hesabu yenyewe. Chukulia kwamba kila chembe hupoteza sehemu ileile ya nishati yake, tuiite S. Chembe unayoiona sasa kwenye momenta p ilianza ikiwa na p iliyogawanywa kwa (1 − S). Kwa kipeo n, RAA inakuwa (1 − S) iliyopandishwa kwenye kipeo n − 1. Ile 1 iliyotolewa inatokana na vipande vya momenta kubanana. Weka RAA ya 0.2 na n − 1 ya 6. Logi asilia ya 0.2 ni −1.61, igawanye kwa 6 upate −0.27, kinyume cha logi yake ni 0.76. Kwa hiyo S ni 0.24. Upungufu wa mara tano umetokana na hasara ya takriban robo ya nishati, na makadirio yaliyotolewa na PHENIX yenyewe kwa njia hii yalikuwa karibu na moja ya tano.

Rudia kwa jeti za LHC. Chukulia kwamba jeti za GeV 100 hupoteza kiasi kimoja, D, na kwamba kipeo ni 5. RAA ni (100 ÷ (100 + D)) iliyopandishwa kwenye 5. Kwa RAA ya 0.5, mzizi wa tano ni 0.87, na D inakuwa takriban GeV 15. Iandike namba hii pembeni, kwa sababu tutairudia.

Tahadhari moja ni ya lazima. Hesabu hii imechukulia kwamba jeti zote zimepoteza sawa. Kwa kweli zile zilizozaliwa karibu na ukingo na kuelekea nje hupoteza kidogo, na ndizo zinazobaki kwa wingi katika sampuli yako. Kila unapochagua jeti kwa nishati yake ya mwisho, unakuwa umewapendelea walionusurika. Njia nzuri ya kukwepa upendeleo huo ni kutumia fotoni au bosoni ya Z iliyorushwa kinyume cha jeti. Kwa kuwa haikuguswa, nishati yake huonyesha jeti ilianza na kiasi gani. CMS, kitambuzi kingine cha LHC, ilianza kufanya hivyo kwa fotoni, na baadaye kwa Z.

Hatua ya sita: kadiria hasara kwa nadharia

Kwaki inayopenya plazma hupoteza nishati kwa njia mbili. Ya kwanza ni kugongana na chembe za plazma na kuzigawia mwendo wake, na hiyo ndiyo aliyoihesabu Bjorken. Ya pili, ambayo kwa kwaki nyepesi zenye nishati kubwa ndiyo kubwa zaidi, ni kutema gluoni. Kila inaposukwasukwa na plazma, kwaki hulegeza baadhi ya gluoni zinazoambatana nayo, nazo hutoka kama mnururisho.

Nguvu ya kusukwasukwa huko hupimwa kwa kiasi kinachoandikwa q̂, yaani q yenye kofia: wastani wa mraba wa momenta ya pembeni inayoongezwa kwa kila femtomita ya safari. Kundi la wanafizikia la JET, likilinganisha modeli kadhaa na data za RHIC na LHC, lilikadiria mwaka 2014 kwamba kwa kwaki ya GeV 10 mwanzoni mwa maisha ya plazma, q̂ ni takriban 1.2 katika RHIC na 1.9 katika LHC, kwa kizio cha GeV mraba kwa femtomita.

Gluoni haizaliwi papo hapo. Huhitaji muda wa kujitenga na mzazi wake, na katika muda huo husukumwa na chembe kadhaa za plazma kwa pamoja, zikifanya kazi kama msukumo mmoja. Wanafizikia Landau na Pomeranchuk, kisha Migdal, waliyaeleza hayo kwa elektroni katika miaka ya 1950. Baier, Dokshitzer, Mueller, Peigné na Schiff, na kwa njia yake Zakharov, waliyahamishia kwenye kwaki na gluoni katika miaka ya 1990. Muda wa kuzaliwa ni mzizi wa mraba wa mara mbili ya nishati ya gluoni ukigawanya kwa q̂. Kwa gluoni ya GeV 3 na q̂ ya 1, hesabu ni 2 × 3 ÷ 1 = 6; zidisha kwa 0.197 ili vizio vilingane, upate 1.18, mzizi wake ni femtomita 1.1. Katika umbali huo imeongezewa momenta ya pembeni ya takriban GeV 1, hivyo inatoka kwa pembe ya radiani 0.35, kama nyuzi 20. Gluoni ya GeV 1, kwa hesabu hiyohiyo, hutoka kwa radiani 0.8, karibu nyuzi 45. Gluoni dhaifu hutupwa mbali zaidi na mhimili wa jeti, na jambo hili litatufaa katika hatua ya mwisho.

Kwa plazma isiyobadilika, wastani wa hasara ya mnururisho ni nguvu ya muunganiko, yaani ukali wa nguvu kali (chukua 0.3), mara kizidishi cha rangi, yaani cha chaji ya nguvu kali, mara q̂, mara umbali mraba, gawanya kwa 4. Kizidishi cha rangi ni 4/3 kwa kwaki na 3 kwa gluoni, na kwa sababu hiyo gluoni hutarajiwa kupoteza mara 2.25 zaidi. Weka q̂ ya 1 na umbali wa femtomita 4. Kwa kwaki, 0.3 × 1.33 ÷ 4 ni 0.1, 16 ÷ 0.197 ni 81. Jibu ni GeV 8. Kwa gluoni ni GeV 18.

Plazma halisi, hata hivyo, hutanuka na kupungua msongamano upesi. Ukichukulia q̂ ikianza na 1.9 pale ambapo mwanga ungekuwa umesafiri femtomita 0.6, kisha ikishuka kinyume na muda, wastani wake unaofaa katika femtomita 4 za kwanza huwa kama 0.3 tu, na hasara hushuka hadi karibu GeV 2.6 kwa kwaki na GeV 6 kwa gluoni. Utegemezi wa umbali mraba nao hulegea na kukaribia umbali wenyewe.

Sasa rudi kwenye GeV 15 uliyoiandika pembeni. Kwa nini jeti ipoteze zaidi ya kwaki au gluoni moja? Sababu kubwa ni kwamba jeti si chembe moja. Hugawanyika mapema kuwa matawi, na tawi lolote ambalo plazma inaweza kulitofautisha na jirani yake hupoteza nishati kwa hesabu yake lenyewe. ATLAS ilithibitisha kwamba jeti ambazo matawi yake makuu yameachana kwa pembe pana hupungua zaidi kuliko zile zilizobanana. Mimi naiona tofauti kati ya 6 na 15 kuwa yenye mafunzo kuliko makadirio ambayo yangelingana kwa bahati.

Kwaki nzito zina jambo lao. Kwaki yenye uzito haitemi gluoni ndani ya pembe iliyo ndogo kuliko uzito wake ukigawanywa kwa nishati yake. Eneo hilo tupu, lililoonekana moja kwa moja na ALICE katika migongano ya protoni na kutangazwa mwaka 2022, hupunguza hasara ya kwaki za aina ya b hasa kwenye nishati ya chini.

Hatua ya saba: safisha usuli wa jeti

Mgongano mmoja wa katikati katika TeV 2.76 hutoa takriban chembe 1,600 zenye chaji katika kila kizio cha pembe-mwendo (kipimo cha mwelekeo wa chembe ukilinganishwa na mstari wa miale) karibu na katikati ya kitambuzi. Jeti hukusanywa kwa algoriti ya anti-kT, iliyobuniwa na Cacciari, Salam na Soyez mwaka 2008, na kwa kawaida hupewa upana wa pembe, R, wa 0.2 au 0.4, takriban kwa radiani. Duara la 0.4 lina eneo la 0.5. Usuli wa chembe zenye chaji pekee hukaribia GeV 140 kwa kila kizio cha eneo, maana yake ni kwamba GeV 70 zisizo za jeti zimeingia ndani ya duara lako. Kiasi hicho hutolewa kwa wastani, lakini kupanda na kushuka kwake kutoka sehemu moja hadi nyingine, ambako ALICE ilikupima kuwa kama GeV 11, hakutolewi kwa njia hiyo. Lazima kufumbuliwe kwa takwimu. Anayeanza na afanye kazi na R ya 0.2 kwanza, kwa kuwa eneo lake ni robo na usuli nao ni robo.

Hatua ya nane: itafute nishati iliyotoweka

Nishati haikupotea ulimwenguni, imehama. CMS ilijumlisha momenta ya chembe zote katika migongano yenye jeti mbili zisizolingana, na mwaka 2011 ikaonyesha kwamba mizani hurudi sawa ukihesabu pia chembe dhaifu, zile za GeV 0.5 hadi 4, zilizotawanyika mbali na mhimili wa jeti kwa zaidi ya 0.8 katika kipimo kilekile cha R. Linganisha na hesabu ya hatua ya sita: gluoni ya GeV 1 tuliyoikadiria ilitoka kwa radiani 0.8. Sehemu nyingine ya nishati huingia katika plazma yenyewe na kuivuta, kama mashua inavyoburuta maji nyuma yake. Kwa sababu hiyo, ukipanua R ili kuikamata nishati iliyotoroka, unakusanya pia sehemu ya plazma iliyovutwa, na modeli yako lazima iwe na vyote viwili.

Kwa mazoezi, tafuta jedwali za RAA katika hazina ya HEPData, ambako vitambuzi vyote vilivyotajwa hapa vimeweka namba zao, na urudie hatua ya tano kwa kila kiwango cha ukatikati. Kisha hamia kwenye oksijeni, ambayo LHC iliigonganisha Julai 2025. Nukleoni ni 16, na nusu kipenyo cha kiini hukua kama mzizi wa tatu wa idadi ya nukleoni, hivyo femtomita 4 za risasi zinakuwa 1.7. Weka umbali huo katika hatua ya sita, kwanza kwa plazma isiyobadilika na kisha kwa inayotanuka, ugeuze kila jibu kuwa RAA ya chembe za GeV 10, na utazame ni ipi kati ya hizo mbili inayokaribia data.